Bangi chotara iitwayo skanka: sifa zake, athari zake na kilimo chake

Mazungumzo na wananchi wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Tunafahamu kwamba kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, kama ilivyo kwa mvuvi na mchuuzi wa dagaa wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, saa moja ya kikao ni saa moja iliyotolewa katika riziki. Kwa hiyo tutajitahidi kusema yale tu ambayo mtu akirudi nayo nyumbani yatamfaa.

Kazi yetu ni kumwelimisha mlaji ajue anachonunua, anachokula na anachokubali kwa mkono wake. Kwa kawaida tunazungumzia mizani, tarehe za kwisha muda wa bidhaa, dawa zisizosajiliwa na mbegu bandia. Leo tunazungumzia kitu ambacho kisheria hakina ruhusa ya kuwapo sokoni, lakini kinatajwa vijiweni, kinapita barabarani na majini, na sasa kinaingia hata katika biskuti. Kitu hicho ni bangi chotara, ambayo vijana huiita skanka.

Huenda mtu akauliza: bidhaa iliyopigwa marufuku ina mlaji gani wa kuelimishwa? Jibu letu ni kwamba mtu anayedanganywa kuhusu kitu kilichokatazwa huumia mara mbili. Huumizwa na kitu chenyewe, kisha hana mahali pa kwenda kudai. Aliyeuziwa mbolea iliyochanganywa na mchanga anaweza kushtaki, lakini aliyeuziwa skanka iliyochanganywa na kemikali atamshtaki nani, na kwa stakabadhi ipi? Kwa sababu hiyo mlaji huyu anahitaji elimu kuliko wengine, na vivyo hivyo mkulima anayeshawishiwa kuipanda.

Chotara ni nini

Wananchi wa wilaya hizi hawahitaji kufundishwa neno chotara. Mahindi chotara mnayapanda kila msimu. Kahawa chotara mnaijua pia, kwa kuwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina kituo chake Ugano, hapa hapa Mbinga. Miche iliyotokana na utafiti wa taasisi hiyo imewasaidia wakulima kuondokana na gharama ya kupulizia dawa mara kwa mara dhidi ya chulebuni na kutu ya majani.

Kutokana na uzoefu huo mnajua mambo matatu. La kwanza, chotara hupatikana kwa kuchavushana wazazi wawili waliochaguliwa kwa kusudi maalumu: mmoja kwa mavuno, mwingine kwa kuhimili ugonjwa. La pili, chotara mzuri ni yule aliyepimwa. Kwa mbegu za mahindi, kazi ya kuthibitisha ubora ni ya taasisi ya serikali, TOSCI, na mfuko huwa na lebo. La tatu, punje za mahindi chotara zikirudishwa shambani kama mbegu, kizazi kinachofuata hutawanyika: huu mrefu, huu mfupi, huu una gunzi kubwa, huu hauna kitu. Tabia za wazazi hujigawa upya.

Tuyashike mambo hayo matatu, kwa maana ndiyo mizani tutakayopimia skanka.

Bangi ni mmea ambao mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliupa jina la kisayansi Cannabis sativa mwaka 1753. Mwaka 1785 mtaalamu wa Ufaransa, Lamarck, aliueleza mmea wa namna hiyo kutoka India na kuuita Cannabis indica. Kwa karne nyingi mimea hiyo ilikua katika nchi mbalimbali ikizoea mvua na jua la kila mahali. Ile ya nchi za joto ilikuwa mirefu yenye majani membamba, na ile ya milima ya Afghanistan ilikuwa mifupi, minene, na iliyokomaa upesi. Upande wa pili wa ziwa letu, huko Malawi, bangi huitwa chamba, na aina yao ya asili imejulikana duniani kwa jina la Malawi Gold.

Katika miaka ya 1970, watu wa California, Marekani, walianza kuchanganya mimea mirefu ya nchi za joto za Amerika na ile mifupi ya Afghanistan. Chotara mmoja aliyetokana na kazi hiyo alipewa jina la Skunk, ambalo ni jina la mnyama wa huko anayetoa harufu kali kama kicheche wetu, kwa kuwa mmea huo ulinuka vivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbegu zake zilifika Uholanzi. Huko Uingereza jina hilo likaja kumaanisha bangi yoyote iliyo kali sana, na lilipofika katika mitaa yetu likatamkwa skanka.

Hapa mlaji apate funzo la kwanza. Lililokuwa jina la chotara mmoja limekuwa jina la sifa, na leo kila mwuzaji hulibandika juu ya chochote anachotaka kukiuza kwa bei ya juu. Anayenunua kwa kuamini jina hilo ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sifa zake

Kinacholevya ndani ya bangi ni kemikali iitwayo kwa kifupi THC. Ilitengwa na kuelezwa muundo wake mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, wanasayansi wa Israel. Kemikali nyingine ya mmea huo ni CBD, ambayo hailevyi kama THC, na yaonekana hupunguza makali yake kwa kiasi fulani. Mmea wa bangi una jike na dume, na utomvu wenye kemikali hizo hukusanyika zaidi katika maua ya jike.

Waliozalisha machotara walikuwa na kusudi moja kubwa, nalo ni kuongeza THC. Walipofanikiwa, CBD ikapungua. Takwimu za Marekani zinaonyesha safari hiyo kwa uwazi. Katika bangi iliyokamatwa na vyombo vya dola vya huko na kupimwa maabara, wastani wa THC ulikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995, na kufikia mwaka 2014 ulikuwa kama asilimia 12. Kipimo kimepanda mara tatu katika muda wa miaka ishirini, nayo machotara yanayotajwa kuwa makali huzidi hapo.

Mzee anayesema, "Bangi tumeiona tangu utoto wetu, haijaua mtu," huenda anasema kweli kuhusu kile alichokiona. Lakini anachokizungumzia na kile anachovuta mjukuu wake ni vitu viwili vyenye jina moja. Ni sawa na mtu aliyezoea kikombe cha ulanzi akajaziwa gongo katika kikombe kilekile. Kikombe hakikubadilika, jina la "pombe" halikubadilika, ila mnywaji hatafika nyumbani.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hulisema kwa kujiamini. Husema kwamba bangi ya "sativa" humchangamsha mtu, ya "indica" humlaza, na chotara humpa vyote viwili kwa kipimo anachotaka. Maneno hayo yametoka katika masoko ya nchi za nje. Mwaka 2021 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Plants matokeo ya kupima karibu sampuli 300 zilizouzwa kwa majina hayo. Waligundua kwamba majina ya sativa na indica hayakulingana vyema na ukoo wa mimea yenyewe. Kilicholingana kidogo ni harufu tu. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi zenye maabara na maduka ya leseni, je, neno la mwuzaji wa kichochoroni lina uzito gani?

Sasa turudi kwenye yale mambo matatu. Mbegu zinazookotwa ndani ya kifurushi cha skanka ni kama punje za mahindi chotara: kizazi chake hutawanyika. Mmea huu utakuwa na THC nyingi, ule utakuwa na kidogo, na macho hayawezi kutofautisha. Hakuna lebo wala afisa aliyekagua, na mzani wa kemikali hakuna. Mtu anaweza kununua kwa mwuzaji yuleyule wiki mbili mfululizo, kwa bei ileile, akapata vitu ambavyo nguvu zake zimetofautiana kupita kiasi.

Athari zake

Ubongo wa mwanadamu una vipokezi ambavyo mwili wenyewe huvitumia kuratibu kumbukumbu, hamu ya kula, maumivu, mwendo na hisia. THC hujibandika katika vipokezi hivyo na kuvilazimisha kufanya kazi kwa namna isiyo yake. Ndiyo maana aliyevuta hucheka bila sababu, huona njaa, husahau alichokuwa akisema, macho huwa mekundu na moyo kwenda mbio. Kwa kiasi kikubwa cha THC, furaha hiyo mara nyingi hugeuka kuwa hofu, kudhani kwamba watu wanamfuata au wanamsema, na wakati mwingine kuona au kusikia yasiyokuwapo.

Akili ikishalewa hivyo, kupima umbali na kuchukua uamuzi wa haraka huwa kazi ngumu. Tunawaomba vijana wa bodaboda walifikirie jambo hili kwa utulivu, maana barabara ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ina miteremko na kona ambazo hazimsamehe dereva aliyechelewa hata kidogo. Na mvuvi anajua kwamba upepo wa Nyasa ukigeuka usiku, anayesalimika ni yule aliyeugundua mapema.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliofanyika katika vituo 11 vya Ulaya na Brazil, uliwalinganisha watu waliougua kwa mara ya kwanza ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia na watu wasiougua. Waliokuwa wakitumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walionekana kuwa na uwezekano wa kuugua ulio karibu mara tano ya ule wa watu ambao hawakuitumia kamwe. Hatusemi kwamba kila anayevuta atarukwa na akili. Walio wengi hawatafikia huko. Tunachosema ni kwamba ukali na wingi wa matumizi huongeza hatari, na chotara limetengenezwa kwa ajili ya ukali huo. Katika ukoo ambao tayari umewahi kuwa na mgonjwa wa akili, hatari hiyo isichezewe hata mara moja.

Yako madhara mengine ambayo hayasemwi sana. Inakadiriwa kwamba kati ya watu kumi waliojaribu bangi, kama mmoja hufikia kuitegemea, na kwa walioanza wakiwa na umri wa kubalehe hukadiriwa kuwa kama mmoja kati ya sita. Kwa mama mjamzito, matumizi ya bangi yamehusishwa na kuzaliwa kwa mtoto mwenye uzito mdogo. Tena upo ugonjwa wa kutapika mfululizo ambao madaktari wa Australia waliueleza mwaka 2004 kwa watu walioitumia kwa wingi na kwa muda mrefu. Mgonjwa hutapika kwa siku kadhaa, hupata nafuu akioga maji ya moto, na mara nyingi hudhani amerogwa au ana vidonda vya tumbo, kumbe tiba yake ni kuacha.

Bangi ndani ya chakula

Hapa tunaomba akina mama na walimu wasikilize kwa makini. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwisha kutangaza kukamata biskuti na vyakula vingine vilivyotiwa bangi katika nchi yetu. Kuila ni tofauti na kuivuta. Anayevuta huhisi ndani ya dakika chache. Anayekula husubiri dakika 30 hadi muda wa saa 2, kwa sababu kemikali hiyo lazima ipite tumboni na kwenye ini, na ini huibadilisha kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Mlaji asiyejua husema, "Hii haina kitu," akaongeza kipande cha pili na cha tatu. Vyote vitatu humfikia kwa pamoja, na ulevi wake unaweza kudumu muda wa saa 12.

Kwa mtoto mdogo hali ni ya hatari zaidi. Mtoto aliyekula bila kujua huweza kulala usingizi usio wa kawaida, kulegea, kuyumba, na pengine kupumua kwa shida. Mtoto wa namna hiyo asimwagiwe maji wala kunyweshwa maziwa kwa nguvu wala kulazimishwa kutapika. Alazwe kwa ubavu na apelekwe mara moja kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, na mzazi amweleze mganga ukweli wote bila kuficha. Kama kipande cha kile alichokula kimebaki, kibebwe. Aibu ya mzazi haina thamani mbele ya pumzi ya mtoto.

Kwa vitafunwa vya kawaida, kanuni ni ileile tunayoirudia kila mwaka: nunua chenye jina la mtengenezaji, anwani, tarehe na alama ya ubora ya TBS. Peremende au keki isiyo na karatasi, inayouzwa kwa siri na kwa bei isiyolingana na ukubwa wake, ina jambo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wengine huuziwa mafuta, asali au chai ya bangi kwa madai ya kutibu saratani, kifafa na kisukari. Ni kweli kwamba mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotengenezwa kwa CBD iliyosafishwa, kwa ajili ya aina mbili za kifafa kikali na adimu cha watoto. Lakini dawa hiyo ilipitia majaribio, ina kipimo kinachojulikana katika kila tone, na hutolewa na daktari anayefuatilia ini la mgonjwa. Chupa isiyo na namba ya usajili wa TMDA haina ndugu na dawa hiyo. Mgonjwa wa kifafa anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya chupa hiyo huweza kupata degedege kubwa kuliko lile alilolikimbia, na mgonjwa wa saratani hupoteza miezi ambayo tiba ingeweza kumsaidia.

Kilimo chake na ahadi za wakala

Tumefika kwenye jambo linalowagusa wakulima. Kahawa humtaka mtu subira ya miaka kama mitatu kabla ya mavuno ya kwanza, na bei yake hupanda na kushuka kwa mambo yanayotendeka mbali na shamba lake. Katikati ya subira hiyo kuna ada za shule, kuna ugonjwa, kuna deni la pembejeo. Ndipo hutokea mgeni mwenye maneno laini. Anasema anatafuta shamba la mbali kidogo, bondeni au msituni; anatoa mbegu "za kisasa", anatoa fedha ya awali, anaahidi kununua mavuno yote baada ya miezi michache. Akiulizwa kuhusu sheria, hujibu kwamba mambo yamebadilika: Malawi wameruhusu, Umoja wa Mataifa umeruhusu, na Tanzania iko mbioni.

Tuyapime maneno hayo moja baada ya jingine.

Kuhusu Malawi, ni kweli kwamba mwezi Februari 2020 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa matumizi ya dawa na ya viwanda, chini ya mamlaka maalumu inayotoa leseni. Sheria hiyo haikumruhusu mtu kuivuta kwa starehe wala kuilima bila leseni. Na leseni ya Malawi hukoma kwenye mpaka wa Malawi. Gunia linalovuka kwa mashua usiku kuja Mbamba Bay halina leseni ya upande wowote. Lesotho nayo ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa mwaka 2017, lakini huko pia mwenye leseni hulima chini ya ukaguzi.

Kuhusu Umoja wa Mataifa, tarehe 2 Desemba 2020 tume yake ya dawa za kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa bangi katika orodha ya dawa zenye udhibiti mkali kupita zote ndani ya mkataba wa mwaka 1961. Bangi ilibaki katika orodha nyingine ya mkataba huohuo, na kila nchi ilibaki na sheria zake. Kura hiyo haikuhalalisha shamba hata moja.

Kuhusu Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha na kuuza bangi, iwe ya kienyeji au chotara. Mahakama zetu zimekuwa zikitoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 jela kwa kosa la kulima, na kwa usafirishaji wa kiasi kikubwa adhabu hufika kifungo cha maisha. Anayeruhusu ardhi yake itumike naye huguswa na sheria hiyo, hata kama hakushika jembe. Hakuna wakala, chama cha ushirika wala mfanyabiashara yeyote mwenye uwezo wa kumpa mkulima ruhusa ya kulima bangi.

Sasa tuulize swali la mlaji mwerevu: katika mapatano haya, nani anabeba hasara? Mkulima akipeleka kahawa katika chama chake cha msingi, hupimiwa, hupangiwa daraja, hupewa stakabadhi, na asipolipwa ana pa kulalamikia. Katika mapatano ya skanka hakuna karatasi. Mgeni hatumii jina lake la kweli, na simu yake huzimwa siku ya taabu. Akisema mavuno ni hafifu, mkulima hana mizani ya kumpinga. Akiamua kutolipa, mkulima hana mahakama ya kumshtaki. Na maafisa wakifika, watakachokikuta ni shamba, na shamba lina mwenyewe anayejulikana na kijiji kizima. Mgeni amenunua mavuno kwa fedha ya awali kidogo. Mkulima amechangia ardhi, jasho na uhuru wake.

Hata hiyo sifa ya mbegu za kisasa ni ya kutiliwa shaka. Machotara mengi yanayosifiwa huko nje hulimwa ndani ya majengo, ambamo mwanga, joto na unyevu hupimwa, na miche hutokana na vikonyo vya mmea mama mmoja ili ifanane. Mbegu za mfukoni zikipandwa mtelemkoni katika mvua za Umatengo haziwi kitu kilekile. Unyevu huleta ukungu kwenye maua, na ukungu huo huingia katika mapafu ya mvutaji. Viuatilifu hupuliziwa bila ushauri wa bwana shamba, kwa kuwa hakuna bwana shamba atakayeitwa kukagua zao la namna hiyo.

Wamatengo walibuni ngolo, yale mashimo ya kilimo yanayozuia udongo kuporomoka, na kwa vizazi vingi milima hii imelisha watu bila kuchakaa. Ardhi iliyotunzwa kwa akili kiasi hicho isiwekwe rehani kwa ahadi ya mtu asiyeacha hata jina.

Mlaji na mkulima wafanye nini

Kwanza, mtu yeyote akikupa mbegu, muulize maswali manne: Ni ya zao gani? Lebo ya TOSCI iko wapi? Mkataba uko wapi? Je, tunaweza kuuonyesha kwa mtendaji wa kijiji na afisa ugani? Mwenye biashara halali hufurahi kuulizwa. Anayekasirika au kunong'ona amekwisha kujibu.

Pili, usikubali kubeba mzigo usioujua, wala ndani ya mashua, basi, bodaboda au lori. Omba ufunguliwe mbele yako. Nauli maradufu kwa kifurushi kidogo ni ishara ya kutosha.

Tatu, wenye taarifa za kilimo au biashara hiyo wanaweza kupiga simu namba 119, bila malipo, kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Nne, kama kijana wako amekwisha kuingia katika matumizi, usianze na fimbo wala usimfukuze nyumbani. Mpeleke hospitali. Anayeacha baada ya matumizi ya muda mrefu huweza kukosa usingizi, kuwa mwepesi wa hasira na kukosa hamu ya kula kwa wiki moja au mbili. Familia inayolijua hilo humvumilia, na familia isiyolijua hudhani ameshindikana. Tiba yake kubwa ni ushauri nasaha na uangalizi wa karibu. Dawa ya methadoni, ambayo wengi wameisikia, ni ya waraibu wa heroini, kwa hiyo mtu asimuuzie kwa kisingizio cha kumtibu bangi. Akianza kusikia sauti zisizokuwapo au kutishia kujidhuru, hiyo ni dharura kama malaria kali, na apelekwe siku hiyohiyo.

Tano, wazazi tuzungumze na watoto kwa kuwaambia ukweli. Mtoto aliyeambiwa kwamba bangi huua siku moja, kisha akamwona rafiki yake amevuta na kuamka salama, hatatusadiki tena hata tutakaposema kweli. Tumwambie kwamba ile ya leo ni kali kuliko ya zamani, haina kipimo, na ubongo wake bado unajengwa.

Ndugu wananchi, haki ya kwanza ya mlaji ni kujua anachotumia. Kahawa ya Mbinga ina haki hiyo, kwa kuwa mnywaji wa mbali anaweza kujua daraja lake na mahali ilipotoka. Dagaa wa Nyasa mnunuzi humwona akianikwa juani. Skanka haina jina la kweli, haina kipimo, haina mwenyewe, na ikileta msiba hubaki msiba wa mwenye nyumba peke yake. Kitu cha namna hiyo, kiwe cha kununuliwa au cha kupandwa, tunawashauri mkikatae mapema, wakati kukikataa bado hakugharimu kitu.

Walio na maswali wayaulize sasa, na wale wenye maswali wasiyoweza kuyauliza mbele ya watu watatukuta hapa baada ya kikao.